Iodeti si Iodidi: tani sita za chumvi zilizonifundisha kemia

Mwaka wa kwanza nilipoamua kutia madini joto kwenye chumvi yangu mwenyewe, nilirudishiwa mzigo wote. Tani sita, viroba 120. Lori lililoupeleka ndilo lililourudisha, na nauli ya kurudi nikailipa mimi. Karani wa mnunuzi aliniachia karatasi yenye maneno matatu: "Haina madini joto." Nilisimama mlangoni mwa ghala na karatasi ile mkononi, machozi yakinilengalenga, kwa sababu kemikali niliinunua kwa fedha yangu, niliipima mwenyewe, na bomba la kunyunyizia nililibeba mgongoni mimi. Itakosekanaje?

Naandika kwa ajili ya wenzangu wenye mashamba madogo ya chumvi, hasa vikundi vya akina mama vinavyoanza sasa, ili kosa lililonigharimu msimu mzima lisimgharimu mwingine hata wiki moja.

Shamba letu liko pwani ya Lindi, mabwawa kumi na moja tuliyoachiwa na baba mkwe. Kazi yenyewe kila mtu wa huku anaijua: maji ya bamvua yanaingizwa, jua na upepo wa kusi vinayakausha, tunakwangua, tunarundika, walanguzi wanakuja. Chumvi ghafi wakati ule tuliiuza shilingi 5,000 kwa kiroba cha kilo 50. Mwenye kiwanda kimoja cha kufungasha akatuambia angetoa 8,500 kama ingefika ikiwa na iodini, yaani hayo madini joto, kati ya miligramu 30 na 60 kwa kilo. Tulipiga hesabu na mume wangu usiku kucha.

Lakini kwangu haikuwa fedha peke yake. Mimi ni mzaliwa wa Makete. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na rovu kubwa, ule uvimbe wa shingo, na maisha yake yote alifunga kitenge shingoni hata wakati wa joto ili watoto wasimtazame. Nyanda za Juu Kusini rovu lilikuwa jambo la kawaida kabla chumvi yenye madini joto haijaenea, kwa sababu mvua za milimani husomba iodini kwenye udongo, na vinavyoota pale havina cha kumpa mlaji. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 tu kwa siku, na mama mjamzito 250. Ni punje ndogo mno, lakini mtoto akiikosa tumboni, ubongo wake hauji kulipwa deni hilo. Kwa hiyo nilipoambiwa chumvi yetu inaweza kubeba madini joto, niliona kama nimeitwa.

Nikapanda basi hadi Dar es Salaam, nikaingia duka la kemikali na kusema, "Nataka ile potasiamu ya iodini, ya kutia kwenye chumvi." Hapo ndipo nilipokosea, kwenye sentensi hiyo moja. Muuzaji alinipa kopo la kilo moja la unga mweupe, shilingi 160,000. Limeandikwa KI. Nilidhani ni kifupi cha jina.

Nilikuwa nimeelekezwa gramu 84 kwa kila tani ya chumvi, ziyeyushwe kwenye lita mbili na nusu za maji safi. Nilipoumimina ule unga ndani ya ndoo uliyeyuka papo hapo, kama sukari kwenye chai ya moto. Nikamwambia Mzee, msimamizi wetu aliyekwangua chumvi tangu ujana wake, "Mzee, dawa nzuri hii, haina mashapo." Leo ningejua kwa dalili hiyo tu kwamba nimebeba kitu kingine. Potasiamu iodeti, KIO3, ndiyo inayotakiwa kwenye chumvi ya huku kwetu, nayo huyeyuka kwa kusitasita: lita moja ya maji ya kawaida hubeba takriban gramu 90 tu, na inabidi ukoroge kwa subira. Potasiamu iodidi, KI, hujitosa majini bila kukaribishwa. Lita moja hubeba zaidi ya kilo nzima.

Tulinyunyiza, tukafunga kwenye viroba, tukasubiri lori wiki tatu. Viroba vilikaa chini ya turubai, nje, jua la mchana na umande wa usiku. Yaliyofuata nimeshayasema.

Baada ya mzigo kurudi, nilisikia kwa jirani kwamba madini joto hupimwa nyumbani kwa wanga na limau. Nikachukua chumvi, nikatia maji ya muhogo uliochemshwa, nikakamulia limau. Hakuna rangi. Mzee akanitazama kwa huruma: "Mama, wamekuuzia dawa ya uongo." Karibu nipande basi kurudi Dar es Salaam kugombana. Namshukuru Mungu nilipitia kwanza kwa mwalimu wa kemia wa sekondari iliyo jirani nasi, nikiwa na kopo langu kwenye mkoba.

Alilisoma kopo, akavua miwani. "Mama, hawakukudanganya. Ulichoomba ndicho walichokupa. Ila hiki si chako."

Akaweka glasi mbili mezani. Ya kwanza akatia chembe za unga wangu, maji, siki kidogo na kijiko cha maji ya wanga. Ikabaki nyeupe. Ya pili akafanya vilevile, ila akatumia iodeti kutoka kabati la shule. Nayo ikabaki nyeupe. "Unaona? Kila mmoja akikaa peke yake ni mpole." Kisha akamimina glasi moja ndani ya nyingine. Sikuweza kuhesabu hata mbili. Maji yalishika rangi kutoka pale yalipokutana, kama moshi unavyojisokota, na kufumba na kufumbua glasi nzima ilikuwa bluu nzito kama wino. Niliruka kwenye kiti.

Akanieleza kwa lugha ninayoielewa. Iodidi na iodeti zote zina iodini, lakini moja imeshiba elektroni na nyingine imepokonywa, imefungwa na oksijeni tatu. Zikikutana penye asidi, iodeti moja huzivuta iodidi tano, na zote kwa pamoja zinageuka iodini tupu, molekuli tatu. Wanga ukiiona iodini tupu hugeuka bluu. Kidonge au kimiminika cha kupimia anachotumia karani kina iodidi, asidi na wanga ndani yake tayari. Kinachosubiriwa ni iodeti itoke kwenye chumvi. Chumvi yangu ilileta iodidi juu ya iodidi, kwa hiyo kipimo kikakaa kimya. Na limau? Limau lina vitamini C, ambayo huila iodini na kuirudisha kuwa iodidi kabla wanga haujaiona. Ndugu zangu, msipime madini joto kwa limau. Hata chumvi nzuri inaweza kuonekana haina kitu.

Nikamuuliza: basi si iodini ilikuwemo, ila kipimo hakikuiona? Akaniuliza naye: viroba vilikuwa na rangi gani kwa ndani? Nikanyamaza. Nilikumbuka madoa ya manjano kwenye mshono, na harufu kali kidogo ghalani, kama ya dawa ya kidonda ya hospitali, ambayo nilidhani ni ya viroba vipya. Ile harufu ilikuwa madini joto yangu yakiondoka. Chumvi yetu ya bahari ambayo haijaoshwa vizuri ina magnesi kloridi, inayovuta unyevu kutoka hewani. Chumvi ikilowa na kupigwa jua, oksijeni ya hewa huishika iodidi na kuigeuza iodini tupu, na iodini tupu haikai, hupaa. Marekani wanatumia iodidi kwenye chumvi ya mezani, lakini ile ni chumvi safi, kavu, iliyofungwa vizuri, na wanatia sukari kidogo ya kuilinda. Huku kwenye joto na unyevu, iodeti ndiyo inayovumilia, kwa sababu imeshaungana na oksijeni tayari, na hewa haina cha kuifanya.

Siku ile ndipo niliposikia pia kwamba iodini yenyewe iligunduliwa kwa kazi inayofanana na yetu. Mwaka 1811 Mfaransa Bernard Courtois alikuwa akitengeneza shura, chumvi ya baruti, kwa majivu ya mwani. Akazidisha asidi, ukapanda mvuke wa rangi ya zambarau ambao hakuwahi kuuona mtu. Nilifarijika sana kusikia hivyo, sijui kwa nini.

Wazo langu la kwanza lilikuwa kunyunyiza iodeti juu ya chumvi ileile ili niokoe mzigo. Mwalimu alikataa katakata. Hakuna aliyejua iodidi kiasi gani imebaki, na ukijumlisha usichokijua na unachokijua, jibu hulijui. Tukaosha chumvi yote kwa maji ya chumvi yaliyokolea, yale ambayo hayawezi kuyeyusha chumvi zaidi, tukaichuja na kuianika. Vikabaki viroba 98, nikaviuza kwa wasindika ngozi kwa 4,000 kila kimoja. Ukijumlisha kopo, nauli ya lori kwenda na kurudi 700,000, na vibarua wa kuosha, msimu ule nilibaki na deni. Mume wangu hakunilaumu hata neno moja, na hilo lilinichoma kuliko angenifokea.

Mwaka uliofuata niliandika kwenye karatasi: KIO3, ya daraja la chakula, na cheti chake. Nikampa muuzaji karatasi badala ya kusema. Fanya hivyo. Usitaje jina kwa mdomo, maana majina haya mawili kwenye duka lenye kelele ni kitu kimoja. Kilo moja ilikuwa 190,000, nayo inatosha tani karibu kumi na mbili kwa miligramu 50, kwa hiyo kwa kiroba kimoja gharama ya kemikali haifiki hata shilingi elfu moja. Kilichokuwa ghali ni ujinga wangu wa mwaka uliotangulia.

Mwalimu alipokuja kututembelea, kitu cha kwanza alichoomba kuona ni mahali nilipoweka kopo. Lilikuwa kwenye rafu ya ghala, pembeni ya gunia la mkaa na dumu la mafuta ya taa. Uso wake ulibadilika. Iodeti yenyewe haiwaki, lakini imebeba oksijeni nyingi na huitoa kwa chochote kinachoungua, na moto ukitokea karibu nayo hupata chakula kisichotoka hewani. Isikae na mkaa, mafuta, salfa, maranda ya mbao wala magunia. Sasa kopo letu liko kwenye sanduku la plastiki lenye kufuli, peke yake, limeandikwa kwa wino mwekundu, kwa sababu pia linafanana mno na chumvi na sukari. Ikiwa kavu na nzito namna ile ni sumu, na imewahi kuharibu macho ya watu walioimeza kwa wingi. Anayechanganya avae glavu na miwani. Kijana wetu mmoja aliona ni mapambo, mpaka upepo ulipomrudishia unga usoni. Tulimwosha macho kwa maji safi robo saa nzima, tukampeleka zahanati, akapona.

Tukanyunyiza. Safari hii kipimo cha haraka kikaonyesha bluu, tena bluu nzuri, na Mzee akapiga vigelegele ambavyo sikujua anaviweza. Nilitaka kuita lori siku ileile. Mwalimu akasema, "Bluu inakwambia ipo. Haikwambii ni kiasi gani." Tukabeba sampuli kwenda maabara ya shule.

Kupima kwenyewe, wanafunzi wanakuita taitresheni, na si jambo la kuogopa. Unayeyusha gramu 10 za chumvi kwenye mililita 50 za maji, unatia mililita 1 ya asidi salfuriki iliyozimuliwa na mililita 5 za iodidi ya asilimia 10 (kumbe kopo langu la kwanza lilikuwa na kazi yake hapa), yanageuka manjano, unayafunika na kuyaweka kabatini dakika 10. Gizani, kwa sababu mwanga huisaidia hewa kutengeneza iodini ya ziada ambayo haikutoka kwenye chumvi. Kisha unadondosha sodiamu thaiosalfeti, dawa inayoila iodini, ya 0.005 M (kipimo cha ukolezi wake) kutoka kwenye bureti, bomba jembamba la kioo lenye alama za mililita, tone baada ya tone, hadi manjano yafifie. Hapo ndipo unatia wanga. Inakuwa bluu, unaendelea kudondosha hadi bluu ipotee kabisa. Soma mililita, zidisha kwa 10.58, umepata miligramu za iodini kwa kilo.

Mara yangu ya kwanza nilitia wanga mapema, yakingali manjano mazito. Wanga uliikumbatia iodini ukawa mweusi wenye vipande, na haukutaka kuiachia, nikapitiliza kipimo. Mara ya pili nilifika mwisho vizuri, maji meupe, nikaenda kunawa, nikarudi nikakuta bluu imerudi. Nikaongeza matone, ikarudi tena. Nililia kwa hasira. Kumbe ni hewa inayofanya kazi yake kwenye asidi, na kinachohesabiwa ni ule weupe wa kwanza. Usiifukuze bluu inayorudi.

Majibu yenyewe yalinishtua. Kiroba kimoja, sampuli ya juu ilitumia mililita 1.0 tu, ya chini ikatumia 7.0. Yaani juu miligramu 11, chini 74, ndani ya kiroba kilekile kilichonyunyizwa na mtu yuleyule. Mama mmoja angenunua kilo ya juu, na mwingine kilo ya chini, na wote wangeambiwa wamenunua chumvi yenye madini joto. Sababu ilikuwa unyevu. Chumvi yetu ilinyunyiziwa ikiwa bado inatiririka, na ile iodeti ikashuka na maji hadi kitako cha kiroba, mengine yakaishia kwenye sakafu ya ghala.

Tangu hapo tunaosha, tunachuja, tunaacha chumvi siku tatu hadi ukiifumbata kiganjani isikuachie maji. Tunaitandaza juu ya turubai kwa unene wa kiganja, si rundo. Mmoja ananyunyiza, wawili wanageuza kwa sepetu za plastiki, tunarundika, tunatandaza upya, mara tatu. Viroba vina mfuko wa nailoni ndani na vinakaa juu ya vichanja, si juu ya sakafu. Sampuli tunachukua juu, katikati na chini, kila kiroba cha kumi. Kazi imekuwa ndefu zaidi, nakiri, na vibarua walinung'unika. Lakini msimu ule namba zilikuwa kati ya 41 na 55.

Kosa la mwisho ndilo lililonifundisha unyenyekevu. Miaka miwili baadaye tulikuwa na bureti yetu wenyewe, na mzigo mmoja tuliusoma 37. Mnunuzi akapata 28, akapunguza bei. Nilimshuku. Nilifika hadi kumwambia mume wangu kwamba tunaibiwa. Mwalimu akaomba kuona chupa yetu ya thaiosalfeti. Ilikuwa dirishani, juani, tangu miezi mitano. Thaiosalfeti huchoka, vijidudu na mwanga huivunja, na ikidhoofika inabidi udondoshe nyingi zaidi kumaliza iodini ileile. Kwa hiyo dawa iliyochoka haikuonyeshi upungufu, inakusomea namba kubwa kuliko ukweli, na unalala usingizi mzuri. Nilimpigia mnunuzi simu nikamwomba radhi. Siku hizi kabla ya kila mzigo tunapima uzito wa iodeti safi kwenye mizani ya shule, tunaiyeyusha kwa kipimo kamili, na kuitumia kuijaribu thaiosalfeti. Iodeti haivuti unyevu wala haibadiliki kirahisi, kwa hiyo ndiyo tunayoiamini kukagua kipimo chenyewe.

Mwaka jana nilikwenda Makete kumwona mama. Nilikuwa nimempelekea kilo mbili za chumvi yetu miezi minane nyuma, ya mzigo uliosoma 46. Niliikuta kwenye kopo la maziwa lisilo na mfuniko, juu ya kigogo kando ya mafiga, imelowa upande mmoja kwa mvuke wa sufuria. Nikachota kidogo kwenye mfuko wa nailoni bila kumwambia. Niliporudi Lindi niliipima mara tatu. Mililita 1.8, yaani 19. Jikoni kwa mlaji hutakiwa isipungue 15. Nilikaa na ile bureti muda mrefu, nikamwaza bibi na kitenge chake. Kesho yake nikatuma kwa basi kopo la plastiki lenye mfuniko wa kukaza na kilo mbili nyingine, nikampigia simu: "Mama, hii usiiweke karibu na moto, na uitie mboga zikishaiva." Akaniuliza ya zamani aimwage. Nikamwambia hapana, aimalize kwanza, bado ni nzima.